Njia ya Mkonge na Baiskeli ya Binti Yetu

Miongoni mwa mambo ambayo wazazi hujadiliana usiku, watoto wakiisha kulala, ni masafa yaliyopo baina ya nyumba na shule. Kwetu mjadala huo ulianza pale binti yetu alipomaliza darasa la saba na kupata nafasi katika sekondari ya kutwa wilayani Korogwe. Sisi tunaishi Handeni. Mmoja wetu ni Mzigua wa hapahapa, mwingine ni Msambaa wa Korogwe. Na kwa kuwa sote ni wana wa Seuta, jamaa hututania kwamba tulioana ndani ya nyumba moja. Basi ikaamuliwa kwamba binti akakae na bibi yake mzaa mama, mjane anayeishi peke yake katika bonde la Luengera, lile linalotenganisha milima ya Usambara Magharibi na ya Mashariki. Bibi angepata mtu wa kumwashia taa jioni, na mjukuu angepata malezi. Ikabakia njia: kilomita 7 kwenda, kilomita 7 kurudi.

Kwa miguu, safari hiyo ingemtoa nyumbani gizani na kumrudisha karibu na Magharibi, akiwa hana tena nguvu ya kufungua daftari. Kwa bodaboda, nauli ya mwezi ingetushinda. Na hata tungeiweza, tulikuwa na hofu nyingine ambayo kila mzazi wa binti anaielewa bila kuelezwa. Hatuwatuhumu vijana wote wa bodaboda. Wengi wanatafuta riziki ya halali, na baadhi yao ni ndugu zetu wa damu. Lakini lifti ya bure anayopewa mwanafunzi leo huja kudaiwa kesho, na tumewaona mabinti walioacha shule kwa deni la namna hiyo. Tukaifikiria baiskeli.

Baiskeli si kitu kigeni Handeni. Ndiyo inayobeba madumu ya maji wakati wa ukame, ndiyo inayobeba magunia ya mkaa. Lakini hiyo ni Phoenix nzito ya mwanamume, yenye chuma kilichonyooka katikati, na mahali pake pa mazoea ni njia za vumbi. Tangu lami iunganishe Handeni na Korogwe, kilomita 65, mabasi na malori yamepata haki yao na mwenye baiskeli amebakiwa na ukingo. Kwa hiyo hatukumfundisha binti yetu kwenye lami. Tulimtafutia baiskeli ya mtumba yenye fremu iliyoinama na kifuniko cha cheni, akavaa suruali pana chini ya sketi ndefu, ushungi ukabanwa kwa pini ili usipeperuke machoni, tukaenda naye kwenye njia za zamani nyuma ya vijiji.

Changarawe ina adabu zake. Tairi lililojazwa upepo mpaka likawa gumu kama jiwe hurukaruka. Ukilipunguza kidogo, linaishika ardhi. Kwenye mchanga usiukaze usukani, bali uuache utafute njia wenyewe huku miguu ikiendelea kukanyaga. Kwenye mteremko punguza mwendo kabla ya kuteremka, si katikati, na breki ya mbele uiguse kwa upole. Tulilisisitiza hili la mwisho kuliko yote. Huko Marekani na Ulaya kuendesha baiskeli kwenye changarawe kumekuwa mchezo wenye mashindano yake, na vijana wa Afrika Mashariki wameuingia kwa heshima. Mmoja wao, Suleiman Kangangi wa Kenya, nahodha wa timu ya Amani, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya aina hiyo jimboni Vermont. Alikuwa mzoefu kuliko sisi sote. Kukosekana kwa magari hakuondoi hatari. Mwendo peke yake unatosha.

Barabara tuliyoikusudia kule bondeni haikujengwa kwa ajili ya wanafunzi. Mwaka 1893, mwaka uleule reli ilipoanza kujengwa kutoka Tanga, Mjerumani Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge nchini, na iliyosalia hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo, mkonge ukatambaa katika nchi tambarare za Tanga na Korogwe, hata katika miaka ya 1960 taifa likazalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kila shamba lilikatiwa barabara pana zilizonyooka, ili majani yafike korona upesi, yasikauke kabla ya kutolewa singa. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba yakapungua na mengine yakaachwa. Barabara zikabaki. Leo trekta hupita mara chache kwa siku, na baina ya trekta na trekta husikii ila ndege.

Desemba, vuli ilipopungua, tulikwenda kuipima. Baiskeli mbili zilisafiri juu ya basi mpaka Korogwe. Kesho yake, baada ya Alfajiri, binti alitangulia na yake, nasi tukafuata kwa moja, mmoja akikanyaga na mwingine amekaa kwenye keria, jambo ambalo hatukulifanya tangu mwaka tulipooana. Ukungu ulikuwa umekaa kwenye mabega ya Usambara pande zote mbili. Milingoti ya mkonge ilisimama juu ya safu zake, na mbele ya korona singa zilikuwa zimeanikwa, nyeupe kama nguo za Idi. Tulitumia dakika 40 bila haraka. Hapakuwa na mlima wa kuogopwa. Milima huanza upande mwingine, ukishapita Kwashemshi kuelekea Dindira, na huko hatukuwa na shughuli.

Bibi alitusubiri kwenye kibaraza. Alisikiliza sifa zote, kisha akauliza, “Wanangu, barabara yenye kelele naijua. Hii yenu ya kimya, mtoto akipiga kelele, atasikiwa na nani?”

Hatukuwa na jibu la papo hapo, na swali lilikuwa la haki. Katika zile kilomita 7, mbili za mwanzo zina nyumba, na mbili za mwisho zina kambi ya wafanyakazi wa shamba pamoja na msikiti mdogo. Lakini zile 3 za katikati ni mkonge ulioachwa ukageuka pori. Utulivu uleule uliotufurahisha ndio uliomtisha, naye ameishi humo miaka mingi kuliko sisi.

Siku mbili zilizofuata hatukupanda baiskeli ila kwenda kuwaona watu. Tulisali Adhuhuri pale kambini, tukajitambulisha kwa imamu na wazee waliobaki barazani. Tuligundua mabinti wengine watatu wa kijijini walio katika shule hiyohiyo, wote wakienda kwa miguu. Wazazi wawili walikubali watoto wao waende na wetu, baiskeli zikiwa ni zile ambazo kaka zao walizitumia kwenda mpirani. Mzazi wa tatu alikataa. Aliona baiskeli haimstahiki binti aliyebaleghe. Tulimweleza habari ya suruali na sketi, hakuridhika, nasi hatukumshinikiza, kwa kuwa yeye ndiye atakayeulizwa juu ya mwanawe. Mama mmoja muuza vitumbua kambini alisema jambo lililokuwa na uzito kuliko hotuba zetu zote: akifika saa moja kasorobo bila kuwaona wasichana wakipita, atamtuma kijana wake upande wa pori kwa baiskeli. Mlinzi wa shamba akaahidi kuwa pale katikati nyakati za kwenda na kurudi. Bibi naye akaweka sharti lake: hakuna anayeingia porini peke yake, hata mwenzake akiwa mgonjwa, na kila mtu apige kengele anapopita nyumba ya mwisho.

Tangu Januari wanakwenda watatu. Pancha ya kwanza ilitokea wiki ya pili, katikati ya pori, kama ilivyotarajiwa. Waliziba wenyewe kwa kiraka na gundi tuliyowafungia chini ya siti, wakachelewa kipindi cha kwanza, na mama wa vitumbua akakutana nao akiwa amekwishavaa viatu vya kuwafuata. Binti yetu hufika nyumbani kabla ya Alasiri kutoka, na bibi anasema daftari sasa linafunguliwa.

Kilichobaki ni masika. Kuna kipande kama cha nusu kilomita, karibu na kijito, chenye udongo mweusi unaojaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Mlinzi ametuonyesha kijia cha juu, kinachopita ubavuni mwa kilima. Kina mawe mengi na kinaongeza kilomita 2. Likizo fupi ya Machi tutakwenda kukipima, na safari hii bibi amekwishatuarifu kwamba kwenye keria atakaa yeye.