Barabara ya Waiyaki, Kutoka Nairobi Mpaka Kikuyu

Njia itokayo Nairobi kwenda mji wa Kikuyu si safari ya kutajwa sana. Ni kilomita 20 hivi, na mwenye motokaa akiwahi asubuhi hufika kabla jua halijakausha umande. Lakini barabara zibebazo habari nyingi kama hii ni chache. Kila siku makarani huishika wakishuka kazini, na wakulima wakipeleka mboga sokoni. Walio wengi hulitaja jina la Waiyaki bila kuuliza mwenye jina alikuwa nani.

Msafiri huanzia katikati ya mji, mahali palipokuwa bwawa na malisho ya ng'ombe wa Wamasai mpaka reli ilipofika mwezi wa Mei 1899. Hupita Kenyatta Avenue, zilipo sanamu za askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, zenye maandishi ya Kiswahili chini yake. Nazo zafaa kusimamiwa kidogo. Kisha hupanda Museum Hill na kuingia Westlands, chini ya kivuli cha ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022. Hapo ni maghorofa na kelele tu. Baada ya Kangemi nchi hugeuka. Ardhi yainuka, udongo wawa mwekundu, na mwenye koti hulishukuru. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Kikuyu imepita 2,000.

Migongo hii ya Kabete na Dagoretti ilikuwa na watu na mashamba wakati Nairobi haijawa mji. Misafara iliyokwenda Uganda ilitua hapa kununua maharagwe na viazi vitamu. Mwezi wa Oktoba 1890 Kapteni Lugard, mtu wa ile Kampuni ya Kiingereza iliyotangulia Serikali, alifika Dagoretti, akala kiapo cha undugu na mzee Waiyaki wa Hinga, akajenga boma, akaenda zake Uganda. Aliowaacha nyuma hawakukijali kiapo. Walinyang'anya vyakula vya watu, na mwaka 1891 boma likahamwa na kuteketezwa.

Kampuni haikuondoka. Mwaka huo huo ilijenga boma jingine huko Kabete, Fort Smith, ambalo jina lake latajwa hata leo. Mwezi wa Agosti 1892 Waiyaki aliingia humo, pakazuka ugomvi, akajeruhiwa kichwani, akafungwa, akaongozwa kuelekea pwani. Hakufika. Alifia Kibwezi. Wazee wa Kikuyu husimulia kwamba alizikwa angali hai, kichwa chini. Wazungu waliandika kwamba aliuawa na jeraha. Vyovyote iwavyo, aliyefungwa alikuwa yule aliyempokea mgeni kwa kiapo.

Kuna jambo moja ambalo msafiri hukosa kuambiwa. Wamisheni wa Kiskoti, ambao walikuwa wameanza kazi Kibwezi tangu mwaka 1891, walihama huko mwaka 1898 wakaja Kikuyu. Yaani walitoka alikofia Waiyaki, wakakaa katika nchi aliyonyang'anywa. Mahali walipojenga pakaitwa Thogoto, kwani ndivyo wenyeji walivyolitamka neno Scot. Hapo kando ya mji pangali na kanisa lao la mawe, na karibu yake Alliance High School, iliyofunguliwa mwaka 1926. Katika shule hiyo alisoma Munyua Waiyaki, mtu wa ukoo huo huo, akawa daktari, na mwaka 1974 akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Kenya.

Atakaye kuona alikolazwa mzee mwenyewe asiulize Kikuyu. Sharti ageuze motokaa, ashuke tena Nairobi, ashike njia ya Mombasa mpaka Kibwezi.