Mashine ni kuukuu, lakini kazi ya Baba haijaisha

MSOMAJI, huenda nawe una kompyuta kuukuu nyumbani mwako. Imetiwa katika mkoba wake na kuwekwa juu ya kabati, na kila mgeni anayeiona ana shauri lake. Mmoja asema iuze, mwingine asema itupe, wa tatu amjua fundi hodari mjini. Kabla hujamsikiliza yeyote kati yao, hebu nikusimulie yaliyotupata sisi katika kuichagulia mashine ya Baba mfumo mpya.

Mfumo ninaouzungumzia ni ule mfumo endeshi, yaani programu mama inayoiamsha mashine na kuziamrisha programu nyingine zote. Kompyuta bila mfumo endeshi ni sawa na matatu iliyojaa abiria lakini haina dereva. Mara nyingi gari lenyewe bado ni zima, ila dereva amezeeka au hajui barabara mpya.

Kipakatalishi cha Baba ni ThinkPad T61, mashine nyeusi iliyotoka mwaka wa 2007. Aliinunua mtumba mnamo 2011, ikiwa na mfumo wa Windows XP. Baba ni mwalimu mstaafu, na tangu ainunue amekuwa akiandika humo historia ya ukoo wetu: nani alimzaa nani, tulihama kutoka wapi, nani aligombana na nani kuhusu shamba lipi. Kurasa zimepita mia mbili. Wazee wengi aliowahoji wamekwisha kututoka, na maneno yao hayapo mahali pengine popote.

Sasa jambo lililotutia wasiwasi ni hili. Baba ana maradhi ya macho yaitwayo glakoma. Daktari alituambia wazi kwamba dawa huzuia ugonjwa usiendelee upesi, lakini nuru iliyokwisha kupotea hairudi. Wakati huo huo mashine nayo ilianza kuchukua dakika kumi kuamka, na diski yake ikawa inatoa sauti ya kugonga-gonga. Zaidi ya hayo, Baba alitaka kumtumia ndugu yake sura moja moja aikague, lakini kivinjari chake cha zamani hakikuweza tena kufungua barua pepe.

Tukakaa kikao cha familia, na mashauri yakawa manne.

La kwanza lilikuwa la Mama: iacheni kama ilivyo, mzee ameizoea. Lakini Windows XP, iliyotoka mwaka wa 2001, iliachwa na Microsoft tarehe 8 Aprili 2014. Tangu siku hiyo haishonewi viraka vya usalama vya kawaida. Mnamo Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipovamia kompyuta duniani na kuvuruga hospitali za Uingereza, Microsoft ililazimika kutoa kiraka cha dharura hata kwa XP. Usitegemee huruma ya namna hiyo kila mwaka. Vivinjari navyo viliikimbia: Chrome mwaka wa 2016, Firefox mwaka wa 2018. XP ingali yafaa kwa mashine isiyogusa intaneti kabisa, lakini si kwa mtu anayetaka kutuma barua.

La pili lilitoka kwa fundi mmoja wa mtaa wa Luthuli, aliyesema angetutilia Windows 10. Ni kweli kwamba mfumo huo unaweza kuingia katika mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti mbili kama ile ya Baba. Lakini kuingia ni jambo moja, na kutembea ni jambo jingine. Tena usaidizi wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Tungekuwa tunamtoa Baba katika nyumba iliyobomoka na kumhamishia katika nyumba yenye ilani ya kubomolewa.

La tatu lilikuwa la kaka yangu: tununue mashine mpya yenye Windows 11. Mfumo huo, uliotoka Oktoba 2021, unadai gigabaiti nne za kumbukumbu, gigabaiti 64 za nafasi, na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Kipakatalishi cha 2007 hakikaribii hapo. Mashine mpya ingetugharimu zaidi ya shilingi elfu hamsini, na karo ya mpwa wangu ilikuwa ingali inadaiwa.

La nne lilikuwa la huyo huyo mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo. Yeye alisema, "Tumwekee Babu Linux." Linux, msomaji, ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland. Kiini chake ni kimoja, lakini watu wamekivika mavazi mengi: Debian, Ubuntu, Mint, Puppy, antiX na mengine mengi. Hutolewa bure na kwa halali, na mengi kati yake yangali yanashonewa viraka.

Tulibishana hadi chai ikapoa. Hatimaye Baba, ambaye huniita Mama kwa kuwa nina jina la mamake, akanigeukia na kusema: "Mama, mimi sitaki kompyuta. Nataka kumaliza kitabu changu. Nikianza kutafuta upya mahali pa kila kitu, macho yataisha kabla ya kurasa."

Maneno hayo yalilibadilisha swali lote. Hatukuwa tena tukiuliza ni mfumo upi ulio bora kuliko mingine. Tulikuwa tukiuliza ni upi utakaomchosha mzee huyu kwa uchache zaidi, kwa macho yaliyobaki na vidole viwili anavyochapia.

Uzuri wa Linux ni kwamba unaweza kuijaribu kabla ya kuiweka. Mpwa wangu aliitia katika flashi diski, akaichomeka, akawasha mashine huku akibonyeza kitufe cha F12, nayo ikaamka kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote ndani ya diski. Tulijaribu mavazi matatu kwa siku tatu, Baba akiwa kitini na sisi tukiwa kimya pembeni.

Puppy ilikuwa nyepesi kama jina lake, lakini alama zake ndogo zilimfanya Baba ainamie kioo. Ubuntu ilikuwa maridadi, ila iliburuta miguu katika kumbukumbu ile ndogo, na Baba alipoona vitufe vyote vimepangwa kando akauliza, "Mlango uko wapi?" Siku ya tatu ilikuwa Linux Mint, lile toleo lake jepesi liitwalo Xfce. Baba aliitazama, akapeleka mshale chini upande wa kushoto, pale pale alipozoea kubonyeza miaka yote, na orodha ya programu ikafunguka. Hakuna aliyemwelekeza. Tukajua tumefika.

Hata hivyo, hatukuifuta diski ya zamani. Tulinakili kitabu katika flashi mbili, tukaichomoa diski hiyo na kuiandika tarehe, nayo imo kwenye droo hadi leo pamoja na XP yake. Tulinunua diski ya kisasa isiyozunguka, tukaongeza kumbukumbu hadi gigabaiti nne, kisha tukaiweka Mint. Gharama yote haikukaribia bei ya mashine mpya. Mpwa wangu alikuza herufi, akaiweka alama ya kitabu katika pembe ile ile ilipokuwa, na akaiagiza LibreOffice ihifadhi faili kwa muundo ule ule wa zamani ili kila ndugu aweze kuzifungua.

Je, tulipoteza kitu? Naam. Baba alikuwa na santuri ya Encarta, ile ensaiklopidia ambayo Microsoft iliacha kuitoa mwaka wa 2009, na katika mfumo mpya haikukubali kufunguka. Alinung'unika kwa wiki moja. Baadhi ya kurasa pia zilihama mistari, ikatubidi kuzipanga upya. Sikufichi hayo, kwa maana anayekuambia kwamba kuhama ni bure kabisa anakuuzia kitu.

Basi, msomaji, ukikabiliwa na jambo hili, anza na kazi kabla ya mashine. Mwanao anayesomea uchoraji wa ramani za majengo kwa AutoCAD atahitaji Windows na mashine yenye nguvu, na hapo Linux haitamfaa hata kidogo. Lakini anayeandika, anayesoma habari na kutuma barua, huenda asihitaji zaidi ya alichonacho.

Pili, ijue mashine yako. Uliza kama kichakato chake ni cha biti 32 au 64, kwa kuwa milango ya biti 32 inazidi kufungwa. Hata Debian, iliyosifika kwa kutotupa wazee, iliacha kuwekwa upya katika kompyuta za biti 32 kuanzia toleo lake la 13 la Agosti 2025. Ikiwa una gigabaiti nne, Mint Xfce itakutosha. Ikiwa una moja au chini ya hapo, itazame antiX au Puppy.

Tatu, jaribu kwa flashi kwanza, na mketishe mwenye mashine, si yule kijana anayejua kila kitu. Nne, usiruhusu fundi yeyote afute diski kabla hujashika nakala mbili mkononi.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na pia kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Baba sasa yumo katika sura ya kumi na nne, inayohusu ndoa za babu zake. Kila Ijumaa jioni hutuma kurasa tatu kwa ndugu yake, naye ndugu hujibu kwa masahihisho na malalamiko. Ule mfumo mpya, Baba hajawahi kuuliza unaitwaje. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote ambazo mfumo wa kompyuta unaweza kupewa.