Kilo Tano za Upande wa Kulia

Muuza skrepa alidhani ameletewa mali. Ilikuwa Jumapili asubuhi, mwanzoni mwa 2019, na vijana wanne walikuwa wameingia kwenye kibanda chake huko Keko, Dar es Salaam, wakisukuma mkokoteni wenye bomba moja la chuma pamoja na ndoo mbili na makopo mawili yaliyojazwa zege. Akaliangalia bomba, akaziangalia ndoo na makopo, akacheka.

"Fundi, bomba nitakuchukulia. Hayo mazege nikayatupe wapi?"

"Siuzi, mzee. Napima tu."

Jina la Fundi alipewa na mtaa, kwa sababu kazi yake ni kuchomelea mageti na madirisha. Jimu waliyokuwa wakifanyia mazoezi ilikuwa uani, nyuma ya karakana, chini ya mkungu, na vifaa vyote vilikuwa vya kujitengenezea. Benchi aliliunda mwenyewe kwa vyuma vilivyobaki kwenye kazi za wateja, akalifunika kwa sponji ya siti ya daladala. Vyuma vya kunyanyua havikuwa vyuma hasa. Vilikuwa ndoo mbili za lita 10 na makopo mawili ya rangi ya lita 4, yote yamejazwa zege na kutobolewa katikati ipite bomba. Ndoo waliziita ishirini na tano, makopo waliyaita kumi, na bomba lenyewe likahesabiwa kumi. Nani aliyeyatoa majina hayo, hakuna aliyekumbuka.

Kwa hesabu hiyo, Fundi alikuwa amekwama kwenye kilo 80 tangu masika ya mwaka uliotangulia. Kulala chali, kushusha chuma hadi kifuani na kukisukuma mpaka mikono inyooke: hicho ndicho kipimo cha mwanaume katika jimu za mtaani. Hakuna anayekuuliza unachuchumaa na kilo ngapi. Wanauliza benchi.

Na benchi lilikataa. Akaongeza siku, kutoka mbili kwa wiki hadi tano. Akanywa mayai mabichi kila alfajiri mpaka harufu yake ikamtoa machozi. Alisukuma kila siku hadi mwisho wa nguvu, huku rafiki yake akiwa amesimama kichwani, vidole chini ya bomba, akipiga kelele, "Ni wewe! Ni wewe mwenyewe! Mimi sijashika!" Aliyewahi kufanya mazoezi uani anaujua uongo huo. Mishipa ya shingo ya huyo asiyeshika huwa imemtoka kuliko ya anayenyanyua.

Kulikuwa na jambo jingine. Bomba lilipanda mshazari kila mara, mkono wa kushoto ukitangulia, wa kulia ukibaki nyuma. Jimu nzima ikakubaliana kwamba mkono wa kulia wa Fundi ni dhaifu. Maajabu, maana ndio mkono wake wa nyundo. Lakini alipokea hukumu hiyo kwa unyenyekevu, na kwa miezi mitatu akawa anaupa mkono huo mazoezi ya ziada, peke yake, jioni wenzake wakishaondoka.

Mizani ya skrepa ikafichua yote kwa robo saa. Bomba lilikuwa kilo 7 na nusu. Kopo la kulia 9 na nusu, la kushoto 9. Ndoo ya kulia kilo 27. Ya kushoto 22 na nusu.

Wakapima tena. Ikawa vilevile. Lita moja ya zege nzuri hukaribia kilo 2.4, kwa hiyo ndoo ya lita 10 ingetakiwa kuwa kwenye kilo 24. Ya kulia ilijazwa kokoto na kushindiliwa hadi juu ya ukingo; ya kushoto ilimwagwa siku nyingine, mchanga mwingi, saruji ya kubania, na ndani pengine palikuwa na matundu. Basi kilo 80 za Fundi zilikuwa 75 na nusu, na mkono dhaifu ulikuwa ukibeba kilo 5 zaidi ya mwenzake muda wote huo.

Wenzake walicheka hadi muuza skrepa akawaomba watoke. Fundi hakucheka sana. Njiani kurudi, akisukuma mkokoteni, alikuwa akipiga hesabu nyingine, iliyokuwa mbaya zaidi: kutoka hapo alipokwama, hatua ya kwenda juu ilikuwa ipi? Jimu ile haikuwa na kitu kidogo kuliko kopo la lita 4. Kuongeza kopo kila upande ni kuongeza karibu kilo 20 kwa mpigo, robo ya mzigo mzima. Alikuwa akijaribu kupanda ngazi isiyo na vipago vya katikati, kisha anailaumu miguu yake.

Jibu lilikuwa limeegemea ukuta wa karakana. Nondo ya milimita 12 ina gramu 888 kwa kila mita. Kila fundi anayenunua nondo kwa uzito analijua hilo, ila Fundi hakuwahi kulihusisha na kifua chake. Alikata kwa grenda vipande vya sentimita 56, akavikunja viwe pete, akafunga ncha kwa tone moja la kuchomelea. Pete moja, nusu kilo. Pete mbili, moja kila upande, kilo moja. Ndoo ya kushoto akaifungia kwa waya vipande vizito hadi ikalingana na ya kulia.

Halafu akafanya jambo lililomgharimu heshima: akashuka. Alianza upya na kilo 65 za mizani, Jumatatu na Alhamisi tu, seti tano za mara nne. Zote tano zikipita safi, bila vidole vya mtu, anaongeza pete mbili. Zisipopita, anarudia uzito uleule wiki inayofuata. Wadogo zake wa jimu waliziita pete hizo hereni.

Uzito uliposhuka, akapata nafasi ya kujitazama. Aligundua kwamba alikuwa akilidundisha bomba kifuani kama mpira, na kwamba miguu aliikunja juu ya benchi, kiasi kwamba mwili mzima ulikosa pa kujikita. Kwenye mashindano ya kunyanyua, chuma lazima kitulie kifuani mpaka mwamuzi atoe amri, na makalio hayaruhusiwi kuinuka. Akaanza kufuata sheria hiyo uani, ingawa mwamuzi hakuwepo. Alibana mabega nyuma na chini, kana kwamba ameshikilia karatasi katikati ya mgongo, akakanyaga ardhi kwa visigino, akashusha bomba chini kidogo ya chuchu na kulisukuma juu likielekea usawa wa mabega. Pale palipokuwa pakimshinda, sentimita chache kutoka kifuani, pakaanza kupitika. Kuhusu chakula hakuna siri: maharage, dagaa, mayai ya kuchemsha. Kazi za usiku alizipunguza, na huenda usingizi ulifanya zaidi ya dagaa.

Ilimchukua miezi saba kufika kilo 81 za kweli kwa seti zote tano. Wiki nyingine hakuongeza kitu.

Mwishoni mwa Agosti mwaka huohuo wa 2019, Mmarekani Julius Maddox alisukuma kilo 335 na nusu bila shati la kusaidia, na habari ikafika uani kwa simu. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Mrusi Kirill Sarychev, kilo 335, iliyowekwa Moscow mwaka 2015. Karibu miaka minne, nusu kilo. "Hereni moja!" mmoja akapiga kelele. Fundi akaanza kusoma ya zamani zaidi. George Hackenschmidt, mzaliwa wa Tartu, Estonia, alisukuma pauni 361 mwishoni mwa karne ya 19, enzi ambazo watu walilala sakafuni kwa sababu benchi lilikuwa bado. Rekodi hiyo ilikaa hadi 1916, ilipopitwa na Joe Nordquest kwa pauni 2, ambazo hazifiki kilo moja. Na Doug Hepburn wa Vancouver, aliyezaliwa na mguu wenye kasoro na kuwa bingwa wa dunia wa kunyanyua vitu vizito 1953, alijenga nguvu zake kwa kuongeza rudio moja tu kila siku ya mazoezi kabla ya kupandisha uzito.

Tangu hapo hakuna aliyezicheka pete. Mwaka 2020 vijana wa mtaa wa pili walikuja kuagiza za kwao, na Fundi akawatoza bei ya nondo tu.

Siku aliyosukuma 100, mwishoni mwa mwaka huo, bomba lilipanda sawasawa pande zote, polepole, na rafiki yake alikuwa amekunja mikono kifuani ili kila mtu aone. Wabishi wakadai mzigo upimwe. Mkokoteni ukarudi kwa muuza skrepa, ambaye safari hii alikuwa na mizani mpya ya umeme, yenye namba nyekundu.

Ikasoma 99.5.

Fundi alirudi karakana bila kusema neno, akawasha grenda, akakata vipande viwili vya nondo vya sentimita 28.