Matangazo ya Kurasa za Mwisho

Miongozo ya walowezi iliyochapishwa Uingereza enzi za Malkia Victoria huanza na mambo makubwa: mvua, udongo, bei ya ekari, siku za safari ya meli hadi Cape Town au Melbourne. Mimi huyaruka hayo yote na kwenda kurasa za mwisho, kwenye matangazo. Huko dawa ya kuhara imepakana na bunduki na matandiko ya farasi, na hukosi kukutana na bima ya maisha na magari ya kukokotwa.

Nakadiria hasara kwa niaba ya kampuni za bima. Gari likipinduka naenda kulipiga picha na kuandika lilikuwa na thamani gani kabla na limebaki na thamani gani sasa. Kwa hiyo matangazo yale nayasoma kama mvuvi anavyotazama nyavu za mvuvi mwingine.

Duka la S. W. Silver & Co. la London, lililouza mavazi na vifaa vya wasafiri wa makoloni, lilichapisha miongozo yake lenyewe katika miaka ya 1870, wa Afrika Kusini na wa Australia na New Zealand. Yaani anayekuuzia koti la mvua ndiye anayekueleza kwamba huko uendako kunanyesha. Biashara ilikuwa nzuri kiasi kwamba mtaa uliozunguka kiwanda chao cha mpira, mashariki ya London, unaitwa Silvertown hadi leo.

Magari ndiyo yanayonifurahisha zaidi, kwa sababu koloni lilikuwa linayala. Mbao zilizozoea unyevu wa Uingereza zikifika kwenye hewa kavu ya Karoo husinyaa, pete ya chuma inayozunguka gurudumu ikalegea, na safari ikaishia hapo. Watu walikuwa wakilaza magurudumu mtoni ili mbao zivimbe tena. Ndiyo maana watengenezaji walijisifu kwa mbao zilizokaushwa miaka na magari yaliyoundwa mahususi kwa barabara za makoloni. Australia ilipata jibu jingine. Mwaka 1853 Mmarekani Freeman Cobb na wenzake watatu walianzisha Cobb & Co. huko Melbourne, wakaleta magari ambayo bodi yake haikukaa juu ya springi za chuma bali ilining'inia kwenye mikanda minene ya ngozi. Chuma kingevunjika; ngozi inanepa. Wachimba dhahabu wa Bendigo walipanda magari hayo kuanzia 1854, wakiyumba kama wako mashuani. Aliyewahi kukaa kiti cha nyuma cha basi la Lamu kabla ya lami atawaelewa. Gari la mwisho la kampuni hiyo lilikwenda Queensland mwaka 1924.

Bima ilikuwa na ramani yake. Mkataba wa London kwa kawaida ulikuwekea mipaka ya mahali unapoweza kuishi. Ukiivuka bila ruhusa, unaweza kupoteza kila ulicholipa. Ukiomba ruhusa, unaongezewa ada kwa kadiri nchi ile inavyoua wageni. New Zealand ilihesabiwa salama. Afrika Magharibi ilikuwa na bei ya kaburi. Walowezi walichoka kupangiwa bei na watu wasioijua hali yao, wakaanza vyama vyao: Cape Town mwaka 1845, kwa juhudi za mwandishi wa habari John Fairbairn, na Sydney mwaka 1849. Havikuwa na wenye hisa. Mwanachama ndiye mwenye mali. Sisi tungesema ni chama kama vile vya mama zetu, ila chenye daftari kubwa. Kile cha Cape Town ndicho Old Mutual, ambayo leo jina lake liko juu ya jengo refu la Upper Hill, Nairobi.

Lakini ramani ile ilipima na watu, siyo hali ya hewa peke yake. Nchini India kampuni za Kiingereza kwanza ziliwakataa Wahindi, kisha zikawakubali kwa ada ya ziada, kwa hoja kwamba maisha yao ni ya daraja la chini. Ilibidi zije kampuni za Bombay, mwanzoni mwa miaka ya 1870, ndipo Mhindi akakatiwa bima kwa bei ya kawaida. Sentensi hiyo niliisoma mara tatu. Maneno kama hayo, "daraja la chini", bado tunayatumia kazini, ingawa sasa tunamaanisha presha na sukari.

Na huku kwetu? Huku gari lilikuwa mtu. Mwaka 1890 kampuni ya William Mackinnon ilianza kulima barabara ya mikokoteni kutoka pwani kuelekea bara, lakini mbung'o waliwamaliza ng'ombe, na mzigo ukarudi pale ulipokuwa siku zote: kichwani na mabegani mwa mpagazi, kilo 30 hivi kila mmoja. Tangazo la mpagazi sijaliona katika mwongozo wowote.

Barabara hiyo imeacha jina kwenye mji mdogo wa Mackinnon Road, na si mbali na hapo ndipo lori la vigae alilokuwa akifanyia kazi mjomba wangu kama utingo lilipopinduka. Nilikuwa bado mwanafunzi. Barua ya kampuni ya bima ilipofika kwa mwenye lori, mtu alitupatia nakala, na mjomba, amelala na nyonga iliyovunjika, akaniita.

"Mpwa wangu, hebu nisomee wamesema nini."

Nikamsomea. Lori lilikuwa na bima. Vigae vilikuwa na bima. Walihesabu maboksi yaliyovunjika, moja moja, na kuyalipia.

"Na mimi niko ukurasa gani?"

Sheria ya 2007 inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima ya kuumia kazini. Mwenye lori alisema hana mfanyakazi wa jina hilo, ana vibarua tu. Harambee ya ukoo ndiyo iliyolipa hospitali.

Pale Mackinnon Road, kando ya reli, kuna msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, mnyapara kutoka Punjab wakati reli inajengwa. Husimuliwa kwamba karai lake la kokoto halikumgusa kichwa. Lilielea juu yake. Madereva husimama kuomba safari njema, wa dini zote, na mjomba alikuwa akitia shilingi ishirini kila safari. Hata baada ya ajali hakuwahi kusema kwamba zilipotea bure.

Fomu ninayoijaza siku hizi ina nafasi ya namba ya injini, namba ya chasi, aina ya mzigo, na jina la dereva. Mwezi uliopita, Mtito Andei, niliijaza yote, kisha nikamuuliza kijana aliyekuwa ameketi kwenye majani, mkono umefungwa leso, anaitwa nani. Nikaliandika pembeni, kwa kalamu. Bosi alinipigia simu kuuliza huyo ni nani.