Nyumba moja, bahasha mbili

Juzi kwenye kipindi nilitaja kwa kupita tu kwamba nyumba ya mama iko kwenye kaunti mbili. Mkacheka, halafu wengine mkaniandikia kuuliza kama nilikuwa natania. Sikuwa natania. Nyumba iko Carrollton, Texas, na mstari unaotenganisha Kaunti ya Dallas na Kaunti ya Denton unapita katikati yake. Jiko, sebule na chumba cha mama viko Dallas. Chumba nilichokulia, pamoja na uwanja wote wa nyuma, viko Denton. Mstari wenyewe huuoni popote isipokuwa kwenye ramani ya upimaji tuliyopewa siku ya kununua, mwaka 2009, ambayo niliikunja nikaitia kwenye droo ya vijiko.

Niliikunja mimi kwa sababu makaratasi yalikuwa kazi yangu. Wengi wenu mnaijua kazi hiyo. Mama ana Kiingereza cha dukani na cha kazini, lakini kile cha serikali aliniachia mimi tangu nikiwa darasa la nne.

Sasa, Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo nyumba ndiyo inayokamuliwa. Ila ukiwa unaishi kwenye nyumba yako mwenyewe, unajaza fomu ya homstedi. Sehemu ya thamani inasamehewa, na thamani inayotozwa haiwezi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Mwaka 2010, nikiwa na miaka kumi na nne, nilijaza fomu hiyo, mama akatia sahihi, tukaituma Dallas. Nikajiona wakili. Sikujua kwamba kila kaunti ina ofisi yake ya makadirio, kwamba kila ofisi inakadiria kipande kilicho upande wake tu, na kwamba kila moja inataka fomu yake.

Hakuna aliyegundua kwa sababu kodi ilikuwa ikilipwa na benki, kutoka kwenye zile pesa za eskro zinazokatwa pamoja na mkopo. Malipo ya mwezi yalikuwa yanapanda tu. Mama alikuwa akisema "Texas imekuwa ghali," na mimi nikimjibu ndiyo, imekuwa ghali.

Mkopo uliisha 2024. Ilipikwa pilau ya watu arobaini. Ili muelewe ile pilau, lazima niwaambie mama alizaliwa Majengo, Mombasa, kwenye nyumba bila ardhi. Wa Mombasa mnajua: nyumba ni yako, umeijenga wewe, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine, na kila mwezi unamlipa kodi ya ardhi. Bibi yangu alilipa maisha yake yote. Mama alikuwa na hamu moja tu, amiliki kuta na udongo ulio chini yake.

Oktoba mwaka huo, kwa mara ya kwanza, bili za kodi zikamjia yeye moja kwa moja. Bahasha mbili. Ya Dallas akailipa wiki hiyo hiyo. Ya Denton akaiweka juu ya friji.

Nilipofika Machi 2025 bado ilikuwa pale, na juu yake nyingine mpya.

"Hizo si zangu," akasema. "Mimi n'shalipa. Ni matapeli, ama ni za jirani."

Sikumlaumu, sote tunapigiwa simu na matapeli kila siku. Lakini tarehe ya mwisho ya kulipa ni Januari 31. Februari tayari inaongezeka asilimia 7, na Machi asilimia 9. Nikakaa mezani nikazisoma bili zote mbili mstari kwa mstari. Kitu cha kwanza kilinichekesha. Ya Dallas ilikuwa na mstari wa hospitali ya kaunti na mwingine wa chuo cha kaunti, ya Denton haikuwa nayo. Yaani chumba cha mama kinachangia hospitali, changu hakichangii. Wilaya ya shule ni ile ile pande zote mbili.

Kitu cha pili hakikunichekesha. Penye punguzo, bili ya Dallas ilisema homstedi. Ya Denton palikuwa patupu. Kwa miaka yote hiyo nusu ya nyumba ya mama ilikuwa ikitozwa kama ya mwekezaji asiyelala hapo, na 2022, thamani za nyumba huku zilipopaa, upande ule haukuwa na kizuizi cha asilimia 10.

Sheria inakuruhusu kuchelewa kuomba kwa miaka miwili baada ya tarehe ambayo kodi ya mwaka husika ingehesabika imechelewa. Kwa hiyo 2024 tungeipata, na 2023 pia. Dirisha la 2022 lilifungwa tarehe 1 Februari. Tulilikosa kwa wiki tano, bahasha ikiwa juu ya friji. Na kabla ya hapo, imekwenda.

Nilimwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

"Ulikuwa na miaka mingapi ulipoijaza ile?"

"Kumi na nne."

Akainuka akazima chai iliyokuwa inataka kufurika. Alibaki amenipa mgongo.

"Basi mimi ndiye nilompa mtoto karatasi ya nyumba."

Ningependelea kelele.

Hundi ilikuja mwezi wa saba, dola 900 na kitu. Kama nyumba yenu iko karibu na mpaka wa kaunti, tafuteni jina la mzazi kwenye orodha za ofisi zote mbili za makadirio, leo, msingoje bahasha.

Mwaka huu mama anafikisha miaka 65, na umri huo unaleta punguzo jingine, na kodi ya shule inawekewa kikomo. Fomu mbili tena. Nilizichapisha nikampelekea, nikavuta kiti, nikachukua kalamu. Akaninyang'anya. Alijaza zote mbili mwenyewe, kwa herufi kubwa, miwani puani, ya Denton kwanza. Ilimchukua karibu saa nzima. Aliniuliza swali moja tu, kama stempu moja inatosha kwa kila bahasha.