Safari ya Dar, Mombasa na Tsavo: Saa za simu si saa za familia

Wanaosikia kwamba tulikwenda Mombasa kwa gari letu, tukaingia Hifadhi ya Tsavo Mashariki, kisha tukarejea Dar es Salaam kwa njia ya Voi, Taveta na Same, hutuuliza kwanza gharama. Halafu huuliza kama tuliona simba. Saa za barabarani huulizwa mwisho, na aghalabu muulizaji amekwishafungua ramani ya simu yake na kujijibu mwenyewe: kumbe Dar hadi Mombasa ni mwendo wa siku moja tu!

Ni mwendo wa siku moja kwa gari lisilobeba mtoto wala mzee. La kwetu lilibeba watu saba: sisi wawili, watoto wanne, na bibi yao mwenye umri wa miaka 71, ambaye anaishi na kisukari. Dereva alikuwa mmoja, kwani mwingine kati yetu hana leseni. Bibi hana budi kula kwa wakati wake na kuteremka mara kwa mara kunyoosha miguu. Dereva naye hana wa kumpokea usukani pindi usingizi unapomjia. Ratiba yenye matumaini kupita kiasi ingewaumiza hao wawili kwanza, na baada yao sote.

Mmoja wetu alipendelea tuunganishe Dar na Mombasa kwa siku moja, tutoke baada ya swala ya Alfajiri na kufika kabla ya Isha. Mwingine hakubisha, aliuliza tu, jua likizama tutakuwa wapi? Tukachukua karatasi tukakokotoa. Jibu likawa ni mahali fulani kati ya Lunga Lunga na Ukunda, gizani, katika barabara ya nchi ya watu, pamoja na pikipiki, baiskeli zisizo na taa, mbuzi na waenda kwa miguu. Mjadala ukaishia hapo, na Tanga ikawa mahali pa kulala.

Tangu siku hiyo hatupangi safari kwa kuuliza tutafika saa ngapi. Tunaanza na saa kumi jioni, ambayo ndiyo saa tunayotaka gari liwe limezimwa, kisha tunahesabu kurudi nyuma. Saa za ramani tunaziongezea nusu yake, na mpaka wa nchi tunautengea saa tatu peke yake. Siku ikizidi hapo, tunaikata vipande viwili.

Tuchukue mfano wa Dar hadi Tanga. Tulikwepa foleni ya malori ya Kibaha na Chalinze kwa kupita Bagamoyo na kutokea Msata, takriban kilomita 340 kwa jumla. Simu ilisema saa sita. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, tukafungua kinywa Bagamoyo, tukavuka daraja jipya la Wami, tukala na kuswali Segera, na kuingia Tanga saa nane na nusu mchana. Hiyo ni saa nane na nusu, yaani wastani wa kilomita 40 kwa saa, wala hatukupata pancha. Dereva aliyekuwa akiangalia mshale ukigusa 80 kwenye barabara tupu angeapa kwamba tulikwenda kasi zaidi. Lakini kila kijiji kina kibao cha 50, matuta, wanafunzi wanaovuka na trafiki mwenye tochi, na kila kituo cha "dakika tano" hula nusu saa. Watoto wanne hawaendi chooni kwa pamoja. Hilo mwenye watoto analijua.

Swala nayo ina muda wake wa kweli, na muda huo unafaa kuandikwa kwenye ratiba kama unavyoandikwa wa kujaza mafuta. Kutawadha kwa watu saba, kutafuta kiatu kilichopotea chini ya kiti, kumsubiri bibi aketi na kuinuka taratibu: tuliweka dakika 40, na zilitumika zote. Ruhusa ya msafiri ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri tuliipokea kwa shukrani, maana ilitusimamisha mara moja badala ya mbili.

Siku ya pili ilikuwa na kilomita chache kuliko zote, nayo ndiyo inayohadaa wengi. Kutoka Tanga hadi mpaka wa Horohoro ni kiasi cha kilomita 65, na kutoka Lunga Lunga hadi Mombasa ni kama 100. Barabara ni ya lami pande zote mbili. Kinachokula muda ni mpaka wenyewe. Kituo ni cha pamoja, hivyo unagongewa mihuri ya kutoka na ya kuingia katika jengo moja la nchi unayoiingia, jambo ambalo limepunguza usumbufu sana. Hata hivyo, ukifika nyuma kidogo ya basi lililojaa abiria, utapanga mstari nyuma yao wote. Mabasi yanayotoka Dar asubuhi hayawezi kuwa Horohoro mapema. Aliyelala Tanga anaweza. Tulikuwa dirishani saa mbili na robo asubuhi, na watu walikuwa wachache.

Watu tulimalizana nao upesi. Gari ndilo lililotukalisha: kadi yake, kibali cha muda cha kuliingiza Kenya, na bima inayotambulika upande wa pili, ile kadi ya njano ya COMESA. Pasi za kusafiria na vyeti vya homa ya manjano tulivifunga pamoja kwa mpira katika mfuko mmoja uliokaa mapajani mwa bibi, naye hakuuachia hata alipolala. Saa mbili na dakika kumi zilipita kabla hatujaondoka.

Wakati huo shangazi yetu wa Changamwe alikuwa amekwishapiga simu mara mbili. "Mmefika wapi, wanangu? Wali nishaupakua?" Hapa pana jambo ambalo tunaona halizungumzwi vya kutosha majumbani mwetu. Mwenyeji huuliza saa kwa mapenzi, na msafiri hutoa saa kwa heshima, kisha dereva huikimbiza ile saa iliyotajwa kana kwamba ni deni. Bibi alichukua simu akamaliza suala: "Mwanangu, sisi leo tutafika. Saa waachie wenye ndege." Wali ulipakuliwa saa nane, nasi hatukumpita mtu vibaya njiani kwa ajili yake. Kivuko cha Likoni hatukukipanda. Barabara ya Dongo Kundu inazunguka kwa madaraja na kutokea upande wa bara, karibu kabisa na Changamwe.

Mombasa hadi Voi ni kama kilomita 155, na ndiyo barabara ya malori yote ya bandarini. Hatukujaribu kuyapita kila tulipoona upenyo. Ndani ya Tsavo hesabu za barabara kuu hazina maana tena: kikomo ni kilomita 40 kwa saa, kuendesha usiku hakuruhusiwi, na kiingilio hulipwa kwa mtandao, kwa hiyo malipo yafanywe kabla ya kufika langoni. Kutoka lango la Voi hadi bwawa la Aruba ni kilomita thelathini na kitu. Tulitumia saa tatu, kwa sababu ndovu wa pale, wekundu kwa vumbi la ardhi yao, walisimama njiani wakituangalia, na hakuna aliyetaka gari liondoke.

Jioni ile miguu ya bibi ilikuwa imevimba. Alitaka kuficha, mtoto wa pili ndiye aliyeona viatu havimwingii. Tangu mwanzo tulikuwa tumeweka siku moja ya akiba, siku isiyo na jina, na mmoja wetu alitakiwa kazini Jumatatu. Siku ile ya akiba tuliitumia Voi. Tulimpeleka bibi zahanati, akapimwa, akaambiwa apumzike na kuinua miguu. Hakuna aliyehesabu saa mbele yake. Kama siku ile isingekuwapo, tungemwomba radhi kwa maneno matamu, kisha tungempandisha garini.

Voi hadi Taveta ni takriban kilomita 110 za lami nzuri, zikikatiza eneo la Tsavo Magharibi ambako tembo huvuka wapendapo. Tuliipita asubuhi kweupe. Mpaka wa Holili ulituachia saa sita mchana. Himo, njia panda ya Moshi na Dar, simu ilisema tungefika nyumbani saa mbili usiku. Tuliizima. Tukalala Same, tukaamkia Korogwe kwa chai ya pili, na Dar tukaingia Jumapili saa tisa alasiri, bibi akiwa na viatu vyake miguuni na mfuko wa pasi bado mapajani.