Mafundisho Yaanzie Mwisho

Wapendwa Taifa la Mungu, kila mwaka baada ya Kipaimara tunashuhudia jambo lile lile: vijana waliojibu maswali ya katekisimu bila kukosea hawaonekani tena katika Jumuiya wala katika Misa. Majibu wanayajua. Je, waliandaliwa kwa ajili ya maswali ya siku moja, au kwa ajili ya maisha?

Wataalamu wa elimu nao wamelitafakari suala hili. Mwaka 1949 Ralph Tyler wa Marekani aliwataka wanaopanga mafundisho wajiulize maswali manne: tunakusudia lengo gani, mwanafunzi apitie mambo gani ili alifikie, mambo hayo yapangwe kwa utaratibu upi, na tutajuaje kwamba limefikiwa. Mwaka 1998 Wamarekani wengine wawili, Grant Wiggins na Jay McTighe, walishauri somo lipangwe kwa kuanzia mwisho: kwanza lengo, kisha ushahidi wa kufikiwa kwake, ndipo shughuli za darasani.

Tuchukue somo la Kitubio. Katekista anayeanzia kwenye kitabu huuliza, “Tumefika ukurasa gani?” Anayeanzia mwisho hujiuliza: mtoto huyu, atakapokuwa na miaka ishirini na kuanguka dhambini, ataijua njia ya kurudi? Ushahidi wake basi ni mtoto anayeweza kuchunguza dhamiri mwenyewe na kuungama bila kuongozwa neno kwa neno. Ndipo hupangwa kisa cha Mwana Mpotevu, mazoezi ya kuchunguza dhamiri, na kuoneshwa mahali pa kuungamia kabla ya siku yenyewe. Majibu ya katekisimu hayatupwi, yanapewa kazi.

Hekima hii si ngeni katika Kanisa. Yapata mwaka 400, Mtakatifu Augustino alimwandikia Deogratias, shemasi wa Karthago, juu ya kuwafundisha wanaoanza. Alimwelekeza atafute kwanza kujua kilichomleta mtu, na akimwona amechoka kusimama, ampe kiti. Mpango mzuri humtazama anayefundishwa.

Imani ni zawadi ya Mungu, wala hakuna mpango unaoweza kuizalisha. Mkulima naye haleti mvua. Lakini mvua ikimkuta hajalima, hatavuna.

Basi makatekista na wazazi, juma hili kabla ya kufungua kitabu tujiulize: baada ya miaka kumi, tunatamani mtoto huyu aishi vipi na Kristo? Tuanzie hapo.